Gemu isiyokudai kitu: jibu kwa mhasibu wa Kisasa

Swali la msomaji:

"Kaka, salamu kutoka mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma. Mimi ni mhasibu kwenye ofisi moja ya serikali kule Mtumba. Tangu Mei narudi nyumbani saa mbili, saa tatu usiku, kichwa kimejaa vocha. Zamani nilikuwa napumzika kwa kucheza mpira wa simu na watu mtandaoni, lakini siku hizi nikifungwa nalala moyo unadunda, na nikishinda pia usingizi hauji. Mume wangu ananiuliza kwa nini nanunua bando ili nikagombane na watu nisiowajua. Nimesikia kuna gemu za kutembea tu, unaangalia mandhari, hakuna anayekuua wala saa inayokukimbiza. Nina simu ya Android ya kawaida, na laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 4, haina kadi ya grafiki. Nianze na ipi? Na kweli zinatuliza?"

Jibu:

Dada yangu, pole na kazi. Nimelisoma swali lako mara mbili, na sentensi iliyonikaa ni hiyo ya "nikishinda pia usingizi hauji". Wanaolalamika kufungwa ni wengi. Anayekubali kwamba hata ushindi unamchosha ni mmoja mmoja, na huyo huwa ameshagusa kiini cha tatizo kabla hata ya kuniuliza.

Nina miaka 14 natengeneza kompyuta na kuendesha banda la gemu hapa mjini. Wateja wangu wa mwanzo walikuwa wanafunzi watupu. Tangu serikali ihamie Dodoma, kuanzia saa kumi na mbili jioni wanaingia watu wazima wenye vitambulisho shingoni, na ikifika Juni, mwaka wa fedha unapokaribia kufungwa, wanaingia na nyuso ambazo nikiziona tu najua hawajala mchana. Wengi wanaomba mpira. Yupo baba mmoja, dereva wa ofisi, yeye huja kila Ijumaa na kuomba gemu ya malori, Euro Truck Simulator 2. Habebi mzigo. Anachagua usiku wenye mvua, anatoka kwenye yadi taratibu, anashika barabara kuu, na kwa saa nzima anasikiliza waipa zinavyokwenda kushoto na kulia. Nilimuuliza siku moja kwa nini hachukui kazi, maana kule kuna hela za kuongeza lori. Akanijibu, "Siku nzima naambiwa wahi. Humu hakuna anayeniambia wahi." Nilikuwa nimeshauri watu juu ya gemu kwa miaka, na yule mzee alinifundisha kwa sentensi mbili nilichokuwa sijakiona.

Gemu haimtulizi mtu kwa sababu picha zake ni nzuri. Inamtuliza kwa sababu ya vitu ambavyo haimdai. Wewe ni mhasibu, hebu tuuweke mpira wako kwenye daftari. Unakudai dakika, kwa sababu mechi ina saa. Unakudai usikosee, kwa sababu pasi moja mbovu ni goli. Unakudai uwe bora kuliko mtu fulani aliyekaa mahali usipopajua. Halafu unakudai urudi kesho, kwa sababu kuna zawadi ya kuingia kila siku na tukio linaloisha Jumapili. Ukifungwa, umepoteza. Ukishinda, umepata nafasi ambayo kuanzia dakika hiyo inabidi uilinde. Ndiyo maana usingizi hauji upande wowote: vitabu havijafungwa. Umetoka kwenye ofisi yenye madeni ukaingia kwenye ofisi nyingine yenye madeni, tena hii unailipia mwenyewe, kwa bando.

Kwa hiyo ninapompimia mtu gemu ya kupumzika, swali langu la kwanza ni hili: nikiifunga sasa hivi, katikati ya hatua, kuna kitu nitakachokuwa nimepoteza? Kama jibu ni ndiyo, hiyo siyo ya Juni.

Kuna wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mke na mume, Rachel na Stephen Kaplan, waliolishughulikia jambo hili kwa miaka mingi kutoka upande mwingine kabisa. Walitaka kujua kwa nini akili iliyochoka hupata nafuu penye miti na maji. Maelezo yao ni kwamba umakini wa kujilazimisha, ule wa kukagua safu za tarakimu mpaka macho yanauma, huchoka kwa kutumika. Nao hupona pale macho yanaposhikwa kwa upole na kitu kisichohitaji ujilazimishe: majani yanayotikisika, mawingu yanayopita, maji. Wao walikuwa wakizungumzia mazingira ya kweli, na sitakwambia kwamba kioo cha laptopu ni sawa na kukaa chini ya mbuyu. Lakini saa tatu usiku, Kisasa, baada ya vocha, mbuyu haupatikani. Na kipimo chao kinafaa kwenye gemu vilevile: kuna inayoyashika macho kwa upole, na kuna inayokukaba koo.

Anza na A Short Hike. Ilitoka mwaka 2019, imetengenezwa na kijana wa Canada, Adam Robinson-Yu, na mwaka uliofuata ilichukua tuzo kubwa ya gemu za watengenezaji huru, ile ya Seumas McNally. Nakupa hii kwanza kwa sababu mbili. Kwanza, laptopu yako itaiweza. Nimeiweka kwenye mashine za aina hiyohiyo, na ikianza kukwamakwama, ndani ya mipangilio kuna sehemu ya kukuza chembe za picha. Ukizikuza, picha inakuwa ya vidoadoa kama ya gemu za zamani na mashine inapumua. Watu wengi, mimi mmojawapo, tunaipenda zaidi ikiwa hivyo. Pili, hakuna gemu nyingine ninayoijua inayomfundisha mtu mzima kutembea ovyo kwa upole namna hii.

Wewe ni Claire, ndege mdogo aliyekwenda kumtembelea shangazi yake kwenye hifadhi ya mlima. Anasubiri simu muhimu, na pale chini mtandao haushiki. Shangazi anamwambia mtandao unapatikana kileleni. Basi, hiyo ndiyo safari yote: kupanda mlima ukatafute mtandao. Sisi tuliokulia vijijini huku kati hatuhitaji kuelezwa. Kila kijiji kilikuwa na kichuguu chake, au jiwe lake, ambapo mtu alipanda na simu mkononi akiitafuta mistari miwili.

Ili upande kuta za mawe unahitaji manyoya ya dhahabu. Kila unyoya unakuongezea pumzi ya kukwea kidogo zaidi, au pigo moja la mbawa ukiwa hewani. Na manyoya yametawanyika kote: mengine yako juu ya mawe, mengine anauza mtu ufukweni, mengine unapewa kwa kumsaidia mtu. Hapo ndipo utamu ulipo. Unatoka na nia ya kwenda kileleni, unaona kinjia kinakata kulia, unakifuata, unakuta mtoto anatafuta kombe 15 za pwani. Unasema sawa, nikiziona nitamletea. Unashuka ufukweni, unakuta watu wanacheza mchezo wa kupigiana mpira kwa fimbo, unacheza nao kidogo. Unapata ndoano, unavua samaki mmoja. Unamwagilia ua lililonyauka, linachanua na kukurusha juu. Ukiinua macho, kilele bado kipo palepale, hakijakasirika.

Ukianguka kutoka juu, huumii. Unakunjua mbawa na kuelea, na mara nyingi unatua mahali ambapo hukupaona ulipokuwa unapanda, kwa hiyo hata kuanguka kunakufungulia njia. Karibu na kilele baridi inagandisha manyoya, hayarudi nguvu upesi, na itabidi usimame kwenye vidimbwi vya maji moto upate joto kabla ya kuendelea. Huo ndio ugumu mkubwa kuliko wote uliomo. Anayekwenda moja kwa moja anamaliza kwa saa moja na nusu hivi, anayezurura atatumia usiku tatu au nne. Wewe zurura.

Sasa nikuonye juu ya dakika kumi za kwanza, kwa sababu hapo ndipo watu wa kazi yako wengi wanaponirudishia. Utahisi unapoteza muda. Mkono utatafuta cha kukusanya, jicho litatafuta namba kwenye kona ya kioo. Utataka kujua manyoya yako mangapi kwa jumla na umebakiza mangapi, na kuna sauti itakayokwambia ufungue intaneti utafute ramani. Usiifungue. Gemu haijakudai, lakini mtu aliyezoea kudaiwa anaweza kujitengenezea deni mwenyewe hata penye amani. Nilimpa mwalimu mmoja gemu hii hii, akarudi siku ya tatu akiwa na karatasi aliyoandika orodha ya kila kitu kilichobaki, amechoka kuliko alivyokuja. Nikamwomba aiache ile karatasi bandani, aanze upya, na safari hii achague upande mmoja tu kila usiku: leo ufukwe, kesho msitu. Aliipenda mno hivyo, akaimaliza bila kujua kama ameimaliza. Kama jukwaa unaloitumia linakuletea vijitangazo vya tuzo kila ukifanya kitu, vizime kwenye mipangilio.

Ukishaizoea hali hiyo ya kutodaiwa, iko nyingine inayokwenda mbali zaidi, Proteus, ya mwaka 2013, kazi ya Ed Key na David Kanaga. Humu hakuna hata mlima wa kupanda. Uko kwenye kisiwa, picha zake ni rahisi kama za rangi za maji za mtoto, na kila kitu unachokikaribia kinatoa muziki: ukipita kwenye miti kuna sauti, ukimfukuzia mdudu anayerukaruka anacheza noti zake, mvua ikianza wimbo unabadilika. Hakuna maneno, hakuna kazi, unaweza hata kukaa chini. Usiku vimulimuli vya mwanga hukusanyika mahali na kuzunguka, na ukisimama katikati yao msimu unageuka, mpaka misimu yote minne ipite. Kila ukianza, kisiwa kinaumbwa upya, kwa hiyo hakuna cha kukariri. Inapita chini ya saa moja. Wapo wanaoifunga baada ya dakika tano wakisema hii siyo gemu, na wapo wanaonipigia simu usiku kuniambia wamelia. Sijui wewe uko kundi gani, lakini vaa spika za masikioni. Bila sauti, nusu yake imekufa.

Zote mbili zinanunuliwa kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, na A Short Hike iko pia kwenye duka jingine, itch.io. Bei yake ya kawaida haifiki dola 10, na kila mwisho wa Juni na Desemba Steam hushusha bei za vitu vingi, kwa hiyo umeuliza wakati mzuri. Unalipa kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni inayotoka kwenye pochi ya simu. Ukinunua ikakataa kufunguka kwenye mashine yako, una siku 14 za kuomba hela irudi, mradi hujaicheza zaidi ya saa 2. Tafadhali usichukue za kwenye flashi zinazouzwa mitaani. Nasafisha laptopu zilizoingia virusi kwa njia hiyo karibu kila wiki, na yako ina nyaraka.

Kuna kitu kingine ambacho ni bure kabisa na sijawahi kuona watu wanakitaja kwenye mambo haya, nacho ndicho mimi mwenyewe hukimbilia nikichoka. Ni Google Earth Pro ya kwenye kompyuta. Kabla ya mwaka 2015 ililipiwa dola 399 kwa mwaka. Sasa unaipakua tu. Wengi wanaijua kwa kuangalia viwanja na mipaka. Wachache wanajua kwamba ndani yake kuna ndege. Sogeza ramani mpaka mahali unapopataka, kisha bonyeza Ctrl, Alt na A kwa pamoja. Kitafunguka kidirisha kinachokuuliza ndege gani. Usichague F-16, hiyo ni ya kivita na itakupeleka mbio usione kitu. Chagua SR22, kindege cha watu wachache. Kwenye mahali pa kuanzia, chagua pale ulipo kwenye ramani badala ya uwanja wa ndege. Kitufe cha Page Up kinaongeza nguvu ya injini, mishale inakuelekeza. Ukianguka, inakuuliza tu kama unataka kuendelea.

Jaribu kuanzia hapa mjini, uone Bunge na mistari ya reli, kisha fuata barabara ya Iringa kwenda kusini. Mpunguzi utayaona mashamba ya zabibu, mistari myembamba iliyochanwa kama nywele. Baada ya hapo nchi inafunguka, ile rangi yetu ya udongo mwekundu na vichaka vya kijivu, na mabonde ya mchanga ambayo kutoka juu yanaonekana wazi kwamba yalikuwa mito na yatakuwa mito tena. Ukiendelea bila haraka unaliona bwawa la Mtera limelala mbele, pana kuliko ulivyolifikiria ulipolipita kwa basi. Siku nyingine geuka magharibi uende Bahi uone mbuga ile ya maji na majaruba. Au nenda kaskazini kupitia Mayamaya hadi Kondoa, na juu yake Kolo, kwenye majabali yenye michoro ya kale ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Michoro yenyewe huwezi kuiona kutoka angani, iko chini ya vibanda vya mawe. Lakini utaona jinsi mteremko ulivyo, na kama mimi, utaanza kupanga siku ya kwenda kwa miguu.

Nitakwambia kilichonifanya niipende. Usiku mmoja nilikuwa nimetoka kugombana na mteja, kifua kimenibana. Nikaruka mpaka upande wa Mpwapwa, nikakitafuta kijiji cha bibi yangu. Nilipita juu yake mara tatu bila kukijua, kwa sababu mabati yameongezeka. Nikashuka chini zaidi. Ndipo nikauona mbuyu tuliokuwa tunapumzika tukitoka kuchota maji. Kivuli chake kilikuwa kimelala upande wa magharibi. Nikakaa nakiangalia: kwa hiyo picha hii ilipigwa asubuhi. Asubuhi, saa za kuchota maji. Kulikuwa na vidoa viwili vidogo karibu na shina, na mpaka leo sijui kama ni watu, mbuzi au madumu. Sikupata alama yoyote, hakuna kilichofunguka, na nililala usiku ule kama mtoto.

Upungufu wake ni bando, maana picha zinavutwa kwenye mtandao unapopita. Ila eneo ulilokwisha kulipita kwa utulivu hubaki kwenye kumbukumbu ya programu. Mahali penye Wi-Fi unayoruhusiwa kuitumia, pita polepole kwenye njia unayoitaka. Nyumbani nyingi ya hizo picha zitakuwepo.

Kwenye simu chaguo ni gumu zaidi, kwa sababu gemu nyingi za bure zimejengwa ili zikudai. Niliyoiacha kwenye simu yangu ni Alto's Odyssey, ya mwaka 2018, kutoka kwa watu wa Toronto, Canada. Unateleza kwenye matuta ya jangwa, mchana unageuka jioni, mabaluni yanapita, usiku unaingia. Ikifunguka itakuelekeza kwenye mchezo wa kawaida wenye malengo na sarafu, achana nao. Ingia kwenye hali yake ya Zen. Humo hakuna alama, hakuna sarafu, ukianguka unainuka na kuendelea, na muziki ni wa peke yake. Kwenye Android ni bure lakini ina matangazo. Zima data kabla ya kuifungua.

Ukitaka nchi ya kutembea na siyo kuteleza, weka Luanti, ambayo mpaka mwaka 2024 iliitwa Minetest. Ilianzishwa na Perttu Ahola wa Finland mwaka 2010, inaendeshwa na watu wanaojitolea, ni bure kweli, haina matangazo wala kitu cha kununua. Ni ulimwengu wa matofali kama Minecraft. Kabla ya kuanza, washa hali ya ubunifu, zima madhara. Hapo hakuna kinachokuuma, na unaweza kutembea upande mmoja saa nzima, milima na mapango, bila kufika mwisho. Watoto wako, kama unao, watakunyang'anya simu. Na kama una Minecraft yenyewe, weka ugumu kwenye hali ya amani. Mazimwi yanaondoka na njaa haishuki.

Vijana watakwambia pia ucheze Bus Simulator Indonesia, ambayo hapa kwetu imewekewa mabasi yenye rangi tunazozijua stendi ya Nanenane. Ni nzuri kwa kucheka na honi. Kupumzika, kidogo tu, matangazo ni mengi.

Zipo ambazo utashauriwa kwa nia njema na mimi nakuzuia kwa sasa. Stardew Valley, ya mwaka 2016, kila mtu ataiita ya kutuliza, na ni kazi ya upendo mkubwa, mtu mmoja, Eric Barone, aliijenga peke yake. Lakini ina saa. Dakika kumi za shambani zinapita kwa sekunde 7 hivi, siku nzima inaisha kwa robo saa, na saa nane usiku unaanguka ulipo, umelala au hujalala. Kuna mazao ya kumwagilia, maduka yanayofungwa, sherehe za kuwahi. Nimewaona watu wazima wakiicheza wakiwa na daftari. Kwa mtu aliyetoka likizo ni raha. Kwa mhasibu mwezi Juni ni zamu ya pili. Sky, ya watu wa thatgamecompany, ni nzuri ajabu kwa macho, utaruka mawinguni na wageni wapole, ila inataka mtandao muda wote, na mishumaa yake ya kila siku na misimu yenye tarehe ya mwisho ni deni lililopambwa. Outer Wilds ni safari bora kuliko nyingi, lakini kila dakika 22 kila kitu kinaanza upya, na laptopu yako haiiwezi vizuri. Subnautica ina bahari ya kupendeza, na viumbe vya gizani vitakavyokurudishia moyo kudunda. No Man's Sky ina sayari zisizohesabika na kwenye mipangilio yake iko hali ya kutulia, lakini inataka mashine ya bei ambayo sitakushauri uinunue kwa ajili ya usingizi.

Kuhusu mpira wako: uondoe kwenye simu mpaka Julai iingie. Kwanza hakikisha akaunti imeunganishwa na barua pepe, ili kikosi chako usikipoteze. Halafu futa programu yenyewe. Nimejaribu kuwaambia watu waiache tu bila kuigusa, haiwezekani, kile kialama chekundu juu ya picha kinakuita.

Uliuliza kama kweli zinatuliza. Kwa uchovu wa kazi, ndiyo, nimeona kwa macho yangu mara nyingi kiasi cha kuacha kulishangaa. Utakachokiona mapema ni mabega kushuka na pumzi kwenda chini, hata kabla usingizi haujarekebika. Cheza sebuleni ukiwa umeshakula, nusu saa au dakika arobaini, mwanga wa kioo umepunguzwa, halafu nenda kitandani bila simu. Lakini mwaka wa fedha ukishafungwa, kazi zikapungua, na bado moyo unakudunda usiku na usingizi hauji kwa wiki kadhaa, hapo gemu haina kazi tena. Nenda hospitali umwone daktari. Hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya afya ya akili, na najua jina hilo watu wanalitania vibaya. Ndiyo maana wengi wanakaa na mateso yao mlangoni pa wataalamu wa afya ya akili. Mtu anayekosa usingizi ana haki ya kuingia pale kama anayekwenda kupima macho.

Sasa, Jumamosi. Pakua A Short Hike ukiwa mahali penye mtandao mzuri. Ni MB 400 hivi, si kubwa. Ifungue mara moja ukiwa mtandaoni ili Steam iitambue, kisha ibadilishe Steam iwe nje ya mtandao, na baada ya hapo haitagusa bando lako. Siku utakayokaribia kileleni, mwite mume wako akae karibu. Ukishapokea simu ya Claire usifunge laptopu: mpe yeye kibodi, mwambie aruke kutoka ukingoni na asibonyeze kitu kingine, aache mbawa zifanye kazi mpaka chini ufukweni.